Jumapili ya Maua ya Mitufaha

Enid Preece hakulala usiku ule, na sababu aliijua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani. Kulikuwa kunakucha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei. Kila mwaka siku hiyo yeye na mumewe Clifford huingia kwenye gari lao dogo la kijani, wakaenda polepole upande wa pili wa kilima kuangalia mitufaha ikichanua. Wamefanya hivyo tangu mwaka waliooana, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa muda mrefu ilikuwa raha tupu. Lakini miaka miwili ya mwisho ilikuwa balaa, maana Clifford, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja na usukani mkononi, alikuwa haoni mbele.

Tusimsingizie, kipofu hakuwa. Pembeni aliona vizuri tu. Angeweza kukuambia ng'ombe wangapi wamelala shambani na yupi kati yao mweusi. Ila katikati, pale hasa dereva anapopahitaji, palikuwa na ukungu, kama mtu amepaka siagi kwenye kioo na kusahau kuifuta.

Mambo yalianzia njia panda ya kanisani, miaka miwili nyuma. Clifford alisimamisha gari, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akageuza tena kulia. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari imebaki, "Kuna mtu huko?"

"Hakuna," Enid akajibu. "Nenda."

Akaenda. Na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kuhusu macho ya Clifford. Watu hawa, jamani. Miaka hamsini na sita ndani ya nyumba moja, chai mara sita kwa siku, hali ya hewa wanaijadili toka asubuhi mpaka kulala. Lakini neno moja la maana likitaka kutoka kinywani, mmoja wao husimama akaenda kuchemsha maji.

Tangu siku hiyo Enid akawa msemaji. Zamani alikuwa mwanamke mkimya, mtu wa kutazama nje dirishani na kushusha pumzi. Sasa kila Jumapili wakitoka matembezi, akiketi tu kwenye gari, mdomo unafunguka. "Aa, trekta la kina Bufton hilo linakuja, tena leo wamelisafisha." Clifford anaguna na kupunguza mwendo. "Hii kona ya kulia naipenda tangu nikiwa msichana." Clifford anakata kulia. "Maskini kondoo hawa, wamejazana barabarani kama wana mkutano." Breki. Mtu wa nje angesikia bibi kizee anapiga soga zake za Jumapili. Kumbe alikuwa anaendesha gari kwa mdomo, na leseni hana, na maisha yake yote hajawahi kushika usukani.

Na leseni ya Clifford je? Huku mtu akishapita sabini, kila baada ya miaka mitatu anatumiwa karatasi ya kujaza, na karatasi inamuuliza mwenyewe kama anaona. Hakuna anayekuja nyumbani kumpima. Fomu ilipofika mara ya mwisho, Enid ndiye aliyeisoma mezani, maana herufi zilikuwa ndogo.

"Wanauliza kama macho yako ni mazima," alisema.

Clifford alichovya biskuti kwenye chai, akaiacha humo mpaka ikakatika. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni mazima," Enid akajibu, na akatia tiki kwa mkono wake mwenyewe. Tiki ile ilimkaa kifuani kuanzia siku hiyo. Kila aliposikia kwenye redio kwamba mtu amegongwa, hata kama ni mbali huko Skotlandi, moyo ulimwenda mbio.

Msimhukumu haraka. Clifford aliendesha lori la maziwa kwa miaka arobaini. Alfajiri alikuwa anapita kwenye mashamba kukusanya maziwa, barafu au jua, na kwenye wilaya nzima hakukuwa na lango asilolijua kwa jina la mwenyewe. Hakupenda mpira, hakupenda baa, bustani alilima kwa sababu Enid alimwambia alime. Alipenda kuendesha. Mnyang'anye usukani, Enid aliwaza, na kabla mwaka haujaisha utakuwa unamzika. Basi akanyamaza, akawa macho yake, na kila Jumamosi usiku akawa anahesabu mbao za dari.

Mwaka huu palikuwa na tatizo jingine, nalo lilikuja kwa treni kutoka mji wa Reading Ijumaa jioni. Jina lake Gillian, binti yao wa pekee, miaka hamsini na mbili, meneja ofisini, mtu anayepanga hata likizo zake kwenye jedwali. Kwa miaka kadhaa alikuwa anawaambia wazee wake wahamie karibu naye, kwenye nyumba ya ghorofa ya chini yenye duka mtaani. Na sasa alitaka kwenda kuona maua.

"Utachoka tu," Enid alimwambia wakati wa kifungua kinywa. "Kiti cha nyuma kinaumiza mgongo."

"Sijaenda tangu nina miaka kumi na mitano, Mama. Naenda."

Enid alitazama chai yake. Gillian akigundua, gari litaondoka leo hii, na baba yake atalifuata. Asipogundua, wataendelea, na siku moja watamgonga mtu. Hakujua aombe lipi, na aliona aibu kwamba hakujua.

Wakatoka saa nne. Clifford alivaa tai, kwa kuwa hakuna dereva wa maana asiyevaa tai Jumapili. Jua lilikuwa limetoka, la kupasha uso na si zaidi. Kando ya njia michongoma ilikuwa imevaa maua meupe, majani mapya yanang'aa, na wana-kondoo walikuwa wanaruka-ruka bila sababu. Mwendo ulikuwa ule ule wa kila mwaka, maili ishirini kwa saa, ishirini na tano kwenye mteremko. Nyuma yao mara mbili ulitokea msururu wa magari, na mara mbili Clifford akasogea pembeni kwa adabu, Enid aliposema, "Kuna watu wana haraka zao leo."

Kwenye njia hizi nyembamba kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Magari mawili yakikutana, moja linarudi nyuma mpaka mahali pa kupishana. Mkishapishana, kila dereva ananyanyua kidole kimoja toka kwenye usukani. Ukimpita mwenye farasi, unatambaa, naye ananyanyua mkono kushukuru, nawe unanyanyua kidole kumwambia si kitu. Usiponyanyua, habari yako itafika kijijini kabla yako, na mwaka mzima watu watakununia dukani. Clifford, kwa sababu hakuwa na hakika nani ni nani, alikuwa ananyanyua kidole kwa kila kitu. Alishasalimia sanduku la posta na nguzo ya lango. Kijijini walisema uzee umemlainisha.

"Aa, gari la bluu," Enid akasema. "Halafu kuna mahali pazuri pa kusimama hapo kushoto, penye nyasi. Nyuma kidogo. Kidogo tena, ili tuone ile kalvati."

"Kalvati ina nini, Mama?" Gillian akauliza.

"Ni ya zamani."

Saa sita walisimama mbele ya lango la shamba wakala humo humo garini, vioo juu, mikate ya mayai kwenye karatasi, chai kwenye chupa. Gillian akauliza kwa nini wasikae kwenye majani, mandhari ni nzuri. Clifford akamjibu kwamba nje kuna upepo. Upepo haukuwepo, lakini wamekula ndani ya gari tangu kabla yeye hajazaliwa na hawakuona sababu ya kuanza ushamba mpya.

"Umeendesha vizuri sana, Baba," Gillian alisema akifuta makombo. "Sikutegemea."

Clifford alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

Walipoondoka pale, njia ikaanza kupanda kilima, na kilima kile ndicho Enid alichokuwa anakiogopa. Kona juu ya kona, ua wa michongoma mrefu pande zote mbili, huoni kinachokuja mpaka kiwe puani. Akaanza kazi yake. Kona ya kushoto aliisifia. Jiwe lililojitokeza alilisikitikia. Mti ulioinama aliukumbuka ulivyokuwa mdogo. Mwendesha baiskeli alisemwa kuwa amevaa suruali ya kubana mno.

Gillian akaegemea mbele katikati ya viti viwili.

"Mama, samahani. Naomba nikwambie kitu na usikasirike."

"Sema."

"Umeongea tangu nyumbani. Umeongea bila hata kituo. Baba anaendesha miaka sitini, hajui kama hii ni kona? Mwache mzee wa watu apumue. Dakika tano tu, tusikilize ndege."

Enid aliangalia barabara. Angesema nini? Akiendelea, itabidi aeleze. Akinyamaza, Mungu awasaidie. Alimtazama Clifford kwa upande. Shingo ya mzee ilikuwa imekakamaa ndani ya kola, na tone moja la jasho lilikuwa linateremka karibu na sikio.

"Sawa," Enid akasema. "Tusikilize ndege."

Akanyamaza. Akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe, na kwenye kona ya kushoto akalivuta goti kwake. Clifford akaelewa, akakata kushoto. Kona ya kulia akalisukuma. Akakata kulia. Nyuma Gillian aliona mkono ule, akatabasamu, akatazama pembeni kama mtoto mwenye adabu aliyewafuma wazazi wanabembelezana. Maisha yake yote hakuwahi kuwaona wameshikana. Alifurahi kweli kweli.

Wakaenda hivyo kona nne. Enid alikuwa ameanza kuamini kwamba itawezekana.

Kwenye ya tano palikuwa na farasi. Mwanamke alikuwa amempanda, amesimama upande wa kulia wa njia, na mkono wake ulikuwa juu kabisa, kiganja wazi. Clifford, aliyeona pembeni vizuri, aliuona mkono ule. Akapunguza mwendo kama inavyotakiwa. Akanyanyua kidole chake kwa heshima zote. Na akaendelea mbele.

Mbele, katikati ya lami, alikuwa ameketi mwanamke mwingine.

Enid aliminya goti. Clifford hakuwa na habari kuminywa maana yake nini. Aliminya tena kwa kucha. Kisha sauti ikamtoka, ambayo hata yeye hakuijua.

"Simama! Clifford, kuna mtu, simama!"

Gari likasimama kwa kishindo. Chupa ya chai ikaviringika chini ya kiti. Kati ya bampa na viatu vya yule mwanamke palikuwa na nafasi ambayo paka angeweza kulala, si mbwa.

Kisha kutoka mbele ya gari ikasikika sauti ambayo nusu ya wilaya iliijua, kwa kuwa nusu ya wilaya ilifundishwa nayo hesabu.

"Clifford Preece. Mimi nimekaa hapa na mguu umeteguka. Mwenzangu anakunyanyulia mkono usimame. Na wewe unamsalimia?"

Alikuwa Thelma Gwilliam, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na sita, na koti la njano la kuonekana hata na mtu aliye mwezini. Farasi wake alikuwa amemwangusha kwa sababu ya kwale aliyeruka kichakani, na sasa huyo farasi alikuwa anakula ua wa watu bila wasiwasi wowote.

Clifford alifungua mlango, akashuka. Ilimchukua muda. Alisimama karibu na taa ya gari, ameshikilia boneti.

"Sikukuona, Thelma."

"Nimevaa njano."

"Najua. Ninaiona sasa, nikitazama pembeni yako." Akageuza uso, akamkabili. "Nikikutazama wewe, hupo. Hupo kabisa. Ni mwaka wa pili."

Enid alikuwa ameshuka pia. Akapiga magoti pale pale kwenye lami karibu na Thelma, akamshika mkono na kuanza kulia, machozi ya mtu mzima yasiyo na mpangilio. Alisema nisamehe mara nyingi. Alisema ni yeye, yeye ndiye aliyetia tiki.

"Tiki gani? Usinililie, Enid, silii mimi niliyeanguka," Thelma akasema, lakini hakuuondoa mkono wake. "Kama mna chai, nileteeni chai."

Yule mpanda farasi mwenzake alikuwa tayari anampigia simu mumewe aje na gari. Gillian alileta chai na koti, akamfunga Thelma mguu kwa skafu yake mwenyewe, akafanya yote hayo upesi na vizuri kama afanyavyo kila kitu. Kisha akasimama, akamgeukia mama yake. Uso ulikuwa mweupe.

"Ulikuwa unajua. Yale maneno yote. Trekta, kalvati, yule mtu wa suruali. Ulikuwa unamwelekeza."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuambia unyamaze."

"Ndiyo."

"Mama, mngeua mtu."

"Najua," Enid akasema. "Miaka miwili najua. Hakuna Jumamosi niliyolala. Lakini ningemwambiaje baba yako aache? Lori lile lilikuwa roho yake. Niliona bora nife naye kwenye kona kuliko nimtazame anakufa kwenye kiti cha sebuleni. Nilikosea. Nilikosea vibaya sana."

Clifford alikuwa akisikiliza, kichwa ameinamisha upande ili amwone mkewe.

"Bibie," alisema polepole, "ile siku ya fomu nilikuuliza unasemaje."

"Uliniuliza, na nikasema ni mazima."

"Nilikuwa nataka useme hapana."

Enid aliacha kulia. Hakukusudia, yalikatika tu.

"Nilikaa pale na biskuti yangu," Clifford akaendelea, "nikajisemea, akisema hapana, namshukuru Mungu, natundika funguo leo. Ukasema ni mazima. Nikaona basi, anataka safari zake. Wewe huendeshi. Basi linakuja Jumatano tu, na kabla hujamaliza kununua uzi limegeuza. Nikasema nitajikaza, nitampeleka mpaka nishindwe. Unadhani mimi nilikuwa nafurahia? Kila Jumamosi nalala pale nahesabu kona za kilima hiki."

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho. Nilidhani wewe umelala."

"Na mimi nilidhani wewe umelala."

Wakatazamana, au mmoja alitazama na mwingine alitazama kando kidogo. Gillian aliziba mdomo kwa mikono miwili. Thelma Gwilliam, chini pale na kikombe chake, alitikisa kichwa kama aliyeletewa daftari la mtoto asiyefundishika.

"Mngeniambia mapema mnagombania nani ajitoe mhanga kwa ajili ya mwenzake," alisema, "nisingekaa barabarani. Nisikilize, Clifford. Nikikuona tena umekaa nyuma ya usukani, nitakuja kulala mbele ya gari kwa makusudi."

"Hutaniona," Clifford akasema. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo. Hakungoja kuombwa. Alizishika kidogo, akazipitishia kidole moja baada ya nyingine kama anazihesabu, kisha akazinyoosha mbele yake mpaka Gillian alipozipokea.

Mume wa yule mpanda farasi alikuja, Thelma akapakiwa akiwa bado anatoa maagizo. Walipobaki watatu, Gillian akasema sasa itabidi wazungumze kuhusu Reading.

"Hatuhamii Reading," Clifford na Enid wakajibu pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuwa na kauli moja bila kuificha.

"Basi mtaishije kule bila gari?"

"Tutauza gari, tutakodi teksi," Enid akasema. "Kuna basi la Jumatano. Na wewe utakuja Mei."

Gillian alitaka kubishana, akaona sura zao, akaacha. Angebishana kesho. Aliketi mbele, akasogeza kiti, akarekebisha kioo. Wazee wake wakaingia nyuma wote wawili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake peke yake. Tangu waoane hawakuwahi kukaa nyuma pamoja. Magoti yao yaligusana na hawakujua waweke wapi mikono.

Gari likapanda kilima, likavuka juu, likaanza kuteremka upande wa pili. Gillian alikuwa anaona kila kitu mwenyewe, na Enid hakuwa na kazi tena. Mabega yake yalishuka yenyewe. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na amefurahi, na bado alikuwa na aibu, yote kwa pamoja.

"Tumefika kwenye mitufaha?" Clifford akauliza. Harufu ilikuwa inaingia kwa dirishani.

"Tumefika."

"Imechanua vizuri mwaka huu?"

Enid alifungua mdomo kumpa jibu alilompa mwaka jana na mwaka juzi, kwamba imechanua vizuri sana, haijawahi kuwa hivi. Mwaka jana na mwaka juzi alipita hapa macho yameganda kwenye lami, akitafuta matrekta na kondoo. Clifford alimleta aone maua asiyoweza kuyakazia macho yeye mwenyewe, naye hakuinua uso hata mara moja kuyatazama. Majira mawili ya maua yalipita hivyo, na kwa umri wao hayakuwa ya kuchezea.

"Sijui," akasema, na akageuka dirishani. "Subiri kidogo nitazame."